Mawe ya babu kutoka Shinkolobwe: niyaoshe?

MjukuuWaLikasi: Shikamooni wakubwa. Babu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi huku Kongo, mji wetu wa Likasi ukiitwa bado Jadotville. Katuachia sanduku la mawe ya mgodi wa Shinkolobwe. Moja jeusi, la ukubwa wa ngumi lakini zito ajabu. Mengine yana unga wa njano, na moja lina sindano za rangi ya chungwa. Kila moja lina kikaratasi cha wino, kwa mfano "Curite, Kasolo". Mnunuzi anasema niyaoshe kwa brashi na sabuni, vikaratasi nitupe, ataandika vipya.

MzeeWaMawe: Marahaba mjukuu. Brashi weka chini! Hizo sindano zikiguswa tu zinavunjika, na ule unga ni madini ya urani, yenye mionzi ya hatari. Ukiusugua unauvuta puani. Jeusi hilo huenda ni uraninaiti, madini yenye urani nyingi.

Anayetaka vikaratasi vitupwe, muulize kwa nini. Mgodi ule, ulioitwa pia Kasolo, uligunduliwa 1915, na kuanzia 1921 Alfred Schoep, mtaalamu wa madini wa Ghent, Ubelgiji, alitangaza kutoka huko madini mapya kama kuraiti (ndiyo hiyo "Curite" yako), yenye jina la Pierre Curie, mwanasayansi wa mionzi, na sklodowskaiti, kwa jina la ukoo alilozaliwa nalo mkewe Marie. Urani ya bomu la Hiroshima nayo ilitoka kwa sehemu kubwa shimo hilohilo. Kikaratasi cha wakati ule ndicho kinachosema jiwe lilitoka wapi. Kikipotea, umebaki na jiwe la njano tu. Mimi ninalo moja la huko, baya, la kijivu. Nililinunua kwa ajili ya lebo.

Piga picha kila jiwe pamoja na kikaratasi chake, usivichanganye.

Fundi_Kolwezi: Mzee, kama hela ni nzuri si auze tu?

MzeeWaMawe: Auze, sijakataa. Ila urani si kitu cha kuvushwa mpakani kwenye begi, bila vibali ni kesi. Kwanza aende idara ya jiolojia, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waje na kipima mionzi.

MjukuuWaLikasi: Asante mzee. Sanduku liko chini ya kitanda, watoto wanalala hapo.

MzeeWaMawe: Lihamishe leo hii! Stoo ya nje yenye hewa, ifungwe kwa kufuli. Mawe hayo hutoa gesi ya radoni, haionekani wala hainuki. Vaa glavu, funika pua na mdomo, chini ya kitanda pangusa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Ukimaliza nawa, ndipo ule.