Kahawa ya presi inatoka chungu lakini nyepesi: tatizo ni kahawa, maji au usagaji?

Mnywaji_wa_Tabata

Wadau wa kahawa, naomba mwongozo. Nina nusu kilo ya arabika ya Mbinga, punje nzima, imekaangwa wastani. Nasaga kwenye kile kijagi kidogo cha blenda cha viungo mpaka iwe unga. Chombo ni presi ya kioo ya lita moja, ile ya kusukuma kichujio kwenda chini. Naweka vijiko vitatu vya chakula, najaza maji yakiwa bado yanatokota, naacha dakika kumi ndipo nasukuma, na kusukuma kwenyewe ni kazi.

Inayotoka ina uchungu unaoganda kooni, halafu kikombe chenyewe ni chepesi kama maji ya kusuuzia sufuria. Chini tope. Nikipunguza kahawa, uchungu uko palepale. Maji ni ya kisima, yana chumvi kwa mbali.

Tunakunywa wawili, asubuhi, bila maziwa. Nibadilishe kahawa, au ninunue moka, ile birika ndogo ya jikoni inayopandisha kahawa kwa mvuke? Na ile kahawa ya dele, birika la makaa la vijiweni, wanafanyaje mpaka uchungu wake unanyweka?

Buni_na_Mizani

Mkuu, kahawa yako haina kosa, hesabu ndiyo imekataa. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa hubeba kama gramu 5 za kahawa iliyosagwa. Vitatu ni 15, tuseme 20 ukivirundika. Lita nzima ya maji inataka gramu 55 hadi 65. Hiyo kahawa kidogo ikikaa kwenye maji mengi ya moto inakamuliwa mpaka visivyotakiwa. Uchachu na utamu hutangulia kutoka kwenye punje, uchungu na ukakasi hufuata nyuma. Ndiyo maana unapata wepesi na uchungu kwa pamoja, na ndiyo maana kupunguza kahawa hakukusaidii kitu.

Kwa watu wawili usijaze jagi. Maji mililita 500, kahawa gramu 30. Machicha yatanyonya kama mililita 60, utabaki na 440, yaani vikombe viwili vya kawaida.

Halafu huo unga. Blenda haisagi, inakatakata: ukiiacha izunguke mfululizo, unapata vumbi na vipande vikubwa kwa wakati mmoja, na kahawa inapata joto humohumo. Weka punje gramu 36, si zaidi. Bonyeza sekunde mbili, achia, tikisa kijagi, bonyeza tena. Rudia mara nane au kumi, mpaka vipande vikubwa vilingane na chenga ndogo za mchele. Kisha chekecha kwenye chujio la chai lenye matundu madogo. Linalopita ni vumbi, na hilo vumbi ndilo tope lako, ndilo uchungu wako, na ndilo linaloziba kichujio mpaka unasukuma kwa nguvu. Liweke pembeni, linafaa kuchemshia kwenye sufuria. Kilichobaki juu ya chujio pima gramu 30.

Suuza jagi kwa maji ya moto kwanza, maana kioo cha baridi kinakula joto. Weka kahawa, mimina maji yote 500 kwa mkupuo huku ukizungusha mkono ili pasibaki pakavu. Dakika 4 usiguse. Utaona tabaka la kahawa limeelea juu: likoroge kwa kijiko mara mbili tatu, vipande vitazama. Engua povu linalobaki. Sasa subiri dakika nyingine tano, chenga zitulie chini. Kichujio kishushe mpaka kiguse tu uso wa kahawa, basi. Ukikisukuma hadi chini unavuruga tope lililokwisha kutulia. Mimina polepole na uache kile kidole kimoja cha mwisho humo ndani.

Kwa hiyo jumla ni dakika tisa, karibu sawa na kumi zako. Kwa chenga hazina madhara, kwa unga ndizo zinazokuponza.

Na kama kichujio kinagoma, usilazimishe. Kiinue kidogo, subiri, shusha tena. Kioo chenye maji ya nyuzi 90 kikiteleza mkononi si mchezo.

Maji_Kwanza

Nakubaliana na aliyetangulia, ila kaka, hayo maji ya kisima yatakuharibia hata ukipima kwa mizani ya sonara. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inabaki palepale, kwa hiyo yanazidi kuwa mazito. Kinachoondoka kwa kuchemsha ni sehemu ya chokaa, ule utando mweupe unaouona ndani ya birika. Nao ukizidi ndani ya maji unaua uchachu wa arabika, na uchachu ndio unaoilipia bei arabika. Unabaki na kahawa bubu.

Unahitaji nusu lita tu kwa siku. Tumia maji ya kunywa ya chupa au ya dumu, kisima kibaki cha kuoshea vyombo. Ila usiende upande wa pili ukachukua maji ya betri: hayana madini kabisa na kahawa yake haina ladha, mbali na kwamba si maji ya kunywa.

Joto nalo lisemwe. Lengo ni nyuzi 92 hadi 96. Dar tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100, basi zima moto uhesabu nusu dakika hadi dakika moja, kifuniko kikiwa wazi. Aliyeko Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji yake yanachemka karibu nyuzi 94. Huyo amimine moja kwa moja, akisubiri anapata kahawa chachu. Maelekezo mengi yanasema "subiri yapoe" bila kuuliza msomaji anaishi wapi.

Mnywaji_wa_Tabata

Asanteni sana. Mizani sina bado. Kuna namna ya vijiko?

Buni_na_Mizani

Vijiko sita vya chakula vya kusawazisha kwa kisu, ndiyo gramu 30 kwa makadirio. Lakini vijiko vinadanganya: kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi na imevimba, iliyokaangwa kidogo ni nzito, na chenga hujaza kijiko tofauti na unga. Tumia kijiko kilekile kila siku, onja, ongeza au punguza nusu kijiko. Ikiwa nyepesi bila uchungu, ongeza kahawa. Ikiwa chungu na ina uzito wake, saga chenga kubwa zaidi. Ikiwa chachu ya kukunja uso, saga ndogo zaidi au hakikisha maji hayajapoa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha viwili hujui kipi kimekusaidia.

Finjani

Hilo la dele naona limerukwa. Kahawa ya dele, ndiyo wanayoiita kahawa chungu, ni kazi nyingine kabisa, usiipime kwa kanuni za presi. Pale uchungu umekusudiwa: kahawa inakaangwa mpaka nyeusi inayotoa mafuta, inatwangwa au kusagwa laini, inachemshwa, na inanywewa kwenye finjani, mafunda machache, na kashata au tende pembeni. Uchungu uleule ukiujaza kikombe cha chai cha mililita 250, lazima ukushinde.

Kwa lita moja ya maji: ponda tangawizi kavu kipande cha urefu wa dole gumba, chemsha nayo dakika kumi kwanza, maana tangawizi inachelewa kutoa ukali wake. Tia kahawa laini gramu 70, na hiliki nne zilizopasuliwa ukipenda. Hapo simama jikoni, usiondoke: kahawa inafura na kumwagika ndani ya sekunde chache. Ikipanda, punguza moto. Iache itokote taratibu dakika tano hadi saba, ipua, iache dakika kumi machicha yazame, ndipo uhamishie kwenye dele kahawa ya juu tu, bila kutikisa. Makaa ya chini ya dele ni ya kuitunza moto, si ya kuichemsha tena. Ikitokota humo saa nzima ladha inabaki ukali mtupu, na hapo hata kashata haisaidii.

Hiyo Mbinga yako iache kwenye presi. Kwa dele chukua robusta ya Kagera au mchanganyiko. Ni nzito, inastahimili kuchemshwa, na bei yake ni nafuu. Jua tu kwamba kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo finjani ya nne usiku ina malipo yake. Lile vumbi la chujio nalo likusanye kwenye mkebe, likifika gramu 70 tayari una dele moja.

Mvuke_Mdogo

Kuhusu moka: usiinunue kwa sababu presi imekushinda, kwa sababu kosa la kusaga litakufuata. Moka inataka kahawa laini kuliko ya presi na iliyo sawasawa, kitu ambacho blenda haiwezi. Angalia pia ukubwa. Inayoandikwa "vikombe 3" ni vikombe vidogo vya spreso, inakupa kama mililita 130 hadi 150 kwa jumla, na inakula gramu 15 hadi 17. Kwa wawili wanaokunywa kahawa nyeusi kikombe kizima, utaishia kuizimua kwa maji ya moto.

Ukinunua hata hivyo: maji ya moto chini mpaka usawa wa valvu ya usalama, yasiipite. Jaza kahawa kwenye kikapu, sawazisha kwa kidole, usishindilie. Moto mdogo, kifuniko wazi. Ikianza kutoa povu la rangi ya asali na kukoroma, itoe jikoni papo hapo, maana kinachofuata ni mvuke unaopita kwenye machicha, na huo ni uchungu mtupu. Ya alumini haifanyi kazi kwenye jiko la induksheni. Mpira wa katikati ukikakamaa, mvuke unavuja pembeni na kahawa haipandi. Badilisha mpira, usikaze zaidi. Valvu nayo ibonyezebonyeze kila unapoosha. Ikiziba, chombo hakina pa kupumulia.

Maji_Kwanza

Nyongeza ya utunzaji, kabla mtu hajasema friji. Kwa gramu 36 kwa siku, nusu kilo inakwisha ndani ya wiki mbili. Mfuko uliofungwa vizuri kwenye kabati, mbali na jiko, unatosha. Kwenye friji kahawa inavuta unyevu na harufu ya dagaa. Nunua punje zenye tarehe ya kukaangwa, na saga za siku hiyo tu.