Kampuni ikitaka hela yako inakufuata mpaka staff room, ikitakiwa ikulipe gawio haikujui! Bimkubwa wangu wanamzungusha

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie, na mods tafadhali msiuunganishe huu uzi na zile za "nataka kuanza kununua hisa nianzie wapi", huu ni wa mtu aliyeshanunua zamani na anataka chake.

Bimkubwa wangu ni mwalimu mstaafu, sasa hivi anaishi Muheza. Wa umri wangu mtakumbuka ile hamasa ya Watanzania kumiliki uchumi. Soko la hisa la Dar lilianza biashara 1998 na TOL ya gesi, zikafuata TBL ya bia, sigara, viwanda vya simenti, halafu 2008 benki ya NMB kwa shilingi 600 kwa hisa na 2009 CRDB kwa shilingi 150. Redioni kutwa nzima ni hisa, hisa, hisa. Walimu walifuatwa mpaka staff room na fomu zikiwa zimeshachapwa, wewe kazi yako ni kujaza jina na kusaini. Mama naye akachukua za kampuni moja, jina silitaji, wakisoma hapa watajijua wenyewe. Wakati huo alikuwa anafundisha Nzega, kwa hiyo kwenye fomu akaweka S.L.P. ya shule kama walimu wote wa wakati ule, nani alikuwa na sanduku lake binafsi?

Miaka ya mwanzo mambo yalikuwa poa, hundi ya gawio, yaani mgao wake wa faida ya kampuni, inakuja posta, anaenda benki anaweka, hela ndogo lakini anafurahi, anatuambia "hii ni ya kampuni yangu". Akastaafu akahamia Muheza, na hundi zikaendelea kwenda Nzega. Mwalimu mkuu aliyekuja hamjui, bahasha zinakaa kwenye droo, na hundi ikishapita miezi sita benki haiipokei tena. Ile hela haipotei hewani wakuu, inabaki kwenye akaunti ya kampuni, inaandikwa kwenye vitabu kwamba kuna wanahisa hawajachukua gawio lao, mwaka unaofuata inaongezeka nyingine juu yake, na maisha yanaendelea. Wao yanaendelea vizuri tu.

Sasa njoo kwenye kudai. Tumefika ofisini Dar, mapokezi mazuri hamna shida, "shikamoo mama, karibu mama, kaa hapa kwenye kiyoyozi", maji ya chupa akapewa. Kisha wakasema mambo ya wanahisa wadogo hayako kwao, yako kwa msajili wa hisa, jengo jingine kabisa. Huko kwa msajili tukaambiwa wao wanatunza daftari tu, kwamba mama yumo na hisa zake zimo zote, ila hela anayo kampuni, turudi kwa kampuni. Kampuni ikasema basi aanze na dalali aliyemnunulia. Dalali! Dalali mwenyewe alishafunga ofisi kitambo, pale alipokuwa sasa hivi wanauza vioo vya simu.

Hapo bado ishu ya majina, na hii ndo iliyonipandisha presha. Cheti cha hisa kimeandikwa majina mawili, jina lake na la mume wake, maana ndivyo alivyokuwa anaitwa kazini. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Wakati ananunua hizo hisa vitambulisho vya NIDA havikuwepo, watu walitumia kadi ya mpiga kura, pasipoti, au barua ya mwenyekiti wa mtaa na passport size mbili. Leo wanamwambia huyu wa kwenye cheti na huyu wa NIDA ni watu wawili tofauti mpaka athibitishe. Tukapeleka hati ya kiapo ya mahakamani, wakasema hiyo haitoshi tupeleke deed poll, ile hati ya kisheria ya majina. Tukatafuta wakili akaandaa, tukalipa, wakasema sawa sasa tunaomba cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa zamani. Mwajiri wa zamani ni serikali jamani, nimwandikie nani barua, katibu mkuu wa wizara?

Halafu ukishawapa kila kitu unaambiwa "mtapigiwa". Nani kapigiwa? Ukiwapigia wewe unasikiliza muziki mpaka vocha inaisha, ukituma emaili inajibu mashine kwamba ujumbe wako ni wa muhimu sana kwetu.

Najua kuna watetezi watakuja hapa chini kusema "kosa ni la mama yako, alitakiwa kuapdeti taarifa zake". Sawa mkuu, lakini jiulize hivi, kampuni ikishatangaza gawio na mkutano mkuu ukalipitisha, ile siyo zawadi tena, ni deni la kampuni kwa mwanahisa, na kwa nini anayedaiwa ndo awe hana haraka na anayedai ndo apande basi? Na hizo taarifa angezipeleka wapi wakati hata barua za kumwita mkutano mkuu zilikuwa zinakwenda Nzega hukohuko? Angejuaje kwamba kuna fomu mpya ya kujaza akaunti ya benki? Eti walitangaza gazetini. Gazeti la siku gani, na Muheza linafika saa ngapi?

Tupige hesabu kidogo, nitatumia mfano tu siyo namba za mama. Chukua mtu mwenye hisa 1,000, gawio likatoka shilingi 50 kwa hisa, hiyo ni 50,000. Kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa inakata kodi ya zuio 5%, anabaki na 47,500. Ukimtoa mtu mkoani mpaka Dar, nauli kwenda na kurudi, chakula, pa kulala, wakili wa kiapo, fotokopi, hiyo 47,500 imeshaliwa yote na deni juu. Kwa hiyo wengi wanaamua kuacha. Na wao wanajua kwamba wengi wataacha, ndo pointi yangu kubwa kwenye uzi huu. Sasa chukua watu 20,000 wa aina hiyo, kila mmoja ameacha 47,500 yake, ni shilingi milioni 950 kwa gawio la mwaka mmoja tu. Weka hiyo hela benki kwa muda maalum, miaka inapita, riba anakula nani? Mkija kumlipa huyo mama mnampa shilingi ileile ya miaka hiyo bila hata senti ya nyongeza, wakati ile 47,500 ya mwaka 2010 na ya leo haziendi dukani zikarudi na kitu kimoja.

Aliyeweka akaunti ya benki kwenye fomu asijione mjanja pia. Mzee mmoja jirani yetu aliweka akaunti tangu siku ya kwanza, lakini benki yenyewe haipo tena. Mnakumbuka Januari 2018 Benki Kuu (BoT) ilifutia leseni benki tano kwa mpigo, Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru? Nyingine ziliunganishwa, nyingine zikabadili majina na mifumo, namba za akaunti zikabadilika. Hela ikitumwa kwenye akaunti ambayo haipo inarudi kwa kampuni, na kampuni haimpigii mtu simu kumwambia "mzee hela yako imegonga mwamba, tupe akaunti nyingine". Inakaa kimya tu. Ila kukiwa na hisa mpya za kuuza kwa wanahisa waliopo, hapo simu yako wanayo.

Na mwanahisa akifariki sasa, mungu atusaidie. Ukienda kuuliza marehemu ana hisa ngapi na gawio kiasi gani wanakwambia hatutoi taarifa mpaka ulete barua ya usimamizi wa mirathi. Unakaa kikao cha ukoo, unapeleka muhtasari mahakama ya mwanzo, tangazo linabandikwa, unasubiri, unapewa fomu namba nne ya usimamizi wa mirathi. Unarudi nayo, wanakwambia mbona kwenye orodha ya mali za marehemu hizi hisa hazijatajwa? Zingetajwaje wakati nyie mlikataa kutuambia zipo ngapi? Hii siyo stori ya kusikia, ni ya mke wa kaka yangu, na mpaka leo hajalipwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba gawio likiwa la mkubwa linapatikana haraka sana. Novemba 2019 pale Ikulu ya Chamwino, Magufuli (Mungu amrehemu) alizipa siku 60 taasisi na kampuni zilizokuwa hazijapeleka gawio serikalini, mliona watu walivyokuwa wanahema. Siku hizi kuna mpaka sherehe kabisa, watu wamevaa suti, hundi ya mfano kubwa kama mlango, picha, makofi. Sisemi serikali isilipwe, hela ile ni ya kwetu sote, ninachosema ni kwamba mwenye hisa 1,000 naye ni mwanahisa vilevile, haki yake imetoka kwenye mkutano uleule na azimio lilelile. Yeye hundi yake haihitaji picha. Mtumieni kwenye simu tu inatosha.

Na msiniambie teknolojia hakuna. 2019 kwenda 2020 nchi nzima tulisajili laini kwa alama za vidole, bibi zetu walibebwa kwenye bodaboda kwenda kuweka vidole. Leo unafungua akaunti ya benki kwa wakala dukani kwa namba ya NIDA na kidole. Kukopa unakopa kwa simu saa nane usiku, na ukichelewa kurejesha siku moja wanampigia mpaka shangazi yako. Kwenye kulipa gawio ndo ghafla tunarudi kwenye hundi, sanduku la posta na barua yenye muhuri!

Jirani zetu Kenya angalau walikaa wakatunga sheria 2011, wakaunda mamlaka ya mali za fedha zisizodaiwa, UFAA. Gawio likikaa miaka mitatu bila mwenyewe kujitokeza, kampuni inatakiwa ilipeleke kule, haina ruhusa ya kuendelea kulikalia. Mwananchi anaingia kwenye mfumo wao na namba ya kitambulisho anaangalia kama jina lake lipo. Na wao walikuwa na balaa kubwa kuliko letu, ile ya kampuni ya simu ya Safaricom 2008 hisa iliuzwa shilingi tano ya kwao na kima cha chini hisa 2,000, wakajitokeza watu zaidi ya laki nane, wengi wadogowadogo, gawio lao mwanzoni lilikuwa halifiki hata nauli ya kwenda kulifuata. Msinielewe vibaya, najua na huko watu wanalia na makaratasi, Wakenya mliomo humu mtatuambia. Ila tofauti ipo, huko hela inatoka mikononi mwa anayefaidika nayo ikikaa. Nigeria nao walipeleka kwenye sheria ya fedha ya 2020, gawio la kampuni za soko la hisa likikaa miaka sita linaenda kwenye mfuko maalum na mwenyewe bado anaruhusiwa kulidai. Mimi hapa kila ninayemuuliza ananirudisha kwa kampuni ileile inayonizungusha.

Bimkubwa mwenyewe ameshakata tamaa, ananiambia "mwanangu achana nao, hela yenyewe ndogo, utaugua bure". Mama, siachi. Kwanza siyo ndogo tena, ni ya miaka yote hiyo, na pili hata ingekuwa elfu tano ni ya kwako, hukuiokota.

Kwa hiyo wakuu nimeamua kupeleka malalamiko kwa maandishi CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, nakala DSE (soko la hisa la Dar) na nakala kwa katibu wa kampuni, nikiambatanisha cheti cha hisa, kiapo, deed poll na emaili zote ambazo hazikujibiwa. Kabla sijapeleka naomba msaada wa walioshapita njia hii: uliwahi kulipwa malimbikizo ya gawio ya nyuma? Walikulipa ya miaka yote au walikukatia sehemu wakisema katiba ya kampuni inasema yaliyopita muda fulani yamerudi kwao? Maana kuna dada mmoja pale mapokezi alilitamka hilo halafu akajirudi haraka, na nilipoomba nionyeshwe hicho kipengele kila mtu akawa bize. Mwenye nakala ya barua ya malalamiko iliyowahi kufanya kazi aitupie hapa au anitumie PM, afute majina.

Na nyie mnaofanya kazi vitengo vya hisa ambao najua mnasoma huu uzi kimyakimya, msinitumie PM za kuniuliza mama yangu anaitwa nani ili "mlishughulikie". Jina lake mnalo, liko kwenye daftari lenu, pamoja na majina ya wengine wote. Anzeni na A.