Je, polisi wa Marekani wanaweza kukupapasa bila hati ya upekuzi?

Mjomba wa Ohio: Ndugu zangu, naomba mnieleweshe. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alisimamishwa na polisi jioni akitoka kazini hapa Ohio, akaamriwa aweke mikono ukutani, akapapaswa kuanzia kwapani hadi kwenye vifundo vya miguu, kisha askari akaingiza mkono mfukoni na kutoa pakiti ya tende alizojiwekea za kufuturu. Hakukutwa na silaha. Je, sheria inaruhusu hayo?

Wakili Mstaafu: Mpe pole kijana. Sheria hii ilianzia huko huko Ohio. Tarehe 31 Oktoba 1963, mjini Cleveland, mpelelezi Martin McFadden aliwaona wanaume wawili wakipita kwa zamu mbele ya duka, wakichungulia dirishani na kurudi kushauriana, hata akaamini kwamba wanapanga uporaji. Alipompapasa John Terry juu ya nguo, aligusa bastola ndani ya koti. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliamua kwamba McFadden alikuwa na haki. Kwa hiyo polisi anaweza kukusimamisha kwa muda mfupi akiwa na shaka yenye msingi, inayotokana na mambo anayoweza kuyataja, kwamba umetenda au unakaribia kutenda uhalifu. Lakini ili akupapase, lazima pia awe na sababu ya kushuku kwamba una silaha na ni hatari. Hisia tupu hazitoshi.

Binti Pwani: Mimi kinachoniuma ni huo mkono mfukoni. Upapasaji ni wa kutafuta silaha tu. Katika kesi ya Dickerson, kutoka Minnesota, askari aliminyaminya kitu kidogo chenye umbo la donge mfukoni mwa mtu ilhali alishajua kwamba si silaha; mwaka 1993 Mahakama ilisema alivuka mpaka, ingawa yalikuwa madawa ya kulevya.

Mjomba wa Ohio: Askari alidai kwamba mtu asiyejitaja alipiga simu akisema kijana mwenye koti jeusi ana bastola.

Wakili Mstaafu: Hilo ni zito, Mjomba. Mwaka 2000, katika kesi ya kijana aliyepapaswa kwenye kituo cha basi Miami, Mahakama iliamua kwamba simu ya namna hiyo pekee haitoshi, hata kama bastola ilipatikana kweli. Mtafutieni wakili wa huko, na kijana aandike leo hii saa, mtaa, namba ya beji, na maneno ya askari kuhusu simu hiyo kama alivyoyasikia.