Yoti ya futi 34 Kilifi: rola gani ya tanga la mbele, na nipime nini kabla ya kuagiza?

Gofia34

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua rola za kukunjia tanga la mbele.

Yoti ni ya futi 34, ipo kwenye boya hapa Kilifi. Stei ya mbele (waya unaoushikilia mlingoti kwa mbele) inafika kileleni kabisa mwa mlingoti, waya wa milimita 7, urefu mita 13 na sentimita 20 toka pini hadi pini. Kwa sasa matanga ya mbele yanashika waya kwa kulabu: jenoa (tanga kubwa la mbele) ya asilimia 135 na jibu (yaani jib, tanga dogo la mbele) la wakati wa upepo wa kusi. Mabaharia ni wawili tu, safari ni Wasini, Pemba na Tanga. Kwenda omo (mbele ya chombo) kubadilisha tanga wakati bahari imechafuka kumekuwa hatari, ndiyo maana nataka rola.

Nimebakiwa na tatu: Harken MkIV, Profurl na Furlex. Ipi inavumilia chumvi na jua la huku? Jenoa niliyonayo inageuzika au nishone jipya? Je, nikiikunja nusu itatosha kwa kusi, nisihitaji tena jibu dogo? Na kazi yenyewe inawezekana mlingoti ukiwa umesimama?

Fundi_Mlingoti

Gofia34, zote tatu ni nzuri na zote tatu hugoma zikifungwa vibaya. Kwa hiyo anza na vipimo, jina la kampuni lije baadaye. Mambo manne uyaandike kwenye karatasi: unene wa waya, unene wa pini ya juu na ya chini, urefu wa stei ikiwa imekazwa, na umbali wa roda (gurudumu la kapi) ya henza, ile kamba ya kutwekea tanga, kutoka kwenye stei pale kileleni. Hicho cha mwisho ndicho watu wasichokipima, na ndicho kinachovunja rola.

Sababu ni hii. Swiveli (kiungo kinachozunguka) ina sehemu mbili: ya chini inashika tanga na kuzunguka pamoja nalo na foili (bomba lenye mfereji linalovishwa juu ya waya wa stei), ya juu inashikwa na henza na haitakiwi kuzunguka. Henza ikishuka sambamba na stei, haina nguvu ya kuizuia ile sehemu ya juu. Sehemu hiyo inaburutwa, henza inajisokota kwenye foili, na mtu aliye nyuma akidhani tanga limekaza tu, anapeleka kamba ya kukunjia kwenye winchi. Hapo foili inapinda, au nyuzi za waya wa stei zinafunguka na kuanza kukatika juu. Harken wanataka henza iachane na stei kwa pembe ya nyuzi 8 hadi 10. Kwa macho: kila sentimita 10 unazoshuka kutoka kwenye roda, henza iwe imeachana na stei kwa takriban sentimita moja na nusu. Profurl wao huweka kifaa chao juu ya foili cha kuzuia msokoto, kwa hiyo pale ambapo roda ipo karibu mno na stei, Profurl hukupunguzia kazi.

Kuhusu chumvi. Harken inatumia gololi za plastiki ngumu aina ya Torlon, ziko wazi, hazitaki grisi hata kidogo. Unazimwagia maji baridi yasiyo na chumvi, basi. Ukizipaka grisi unakusanya vumbi na chumvi na zinaanza kukwama. Furlex ina gololi za chuma cha pua na inataka grisi yake, kwenye ngoma (ile ya chini inayozungushiwa kamba ya kukunjia) na kwenye swiveli. Profurl ina beringi zilizofungwa ndani ya sili na grisi yake humo humo, huigusi kwa miaka. Lakini sili ikichoka, maji yanaingia bila wewe kuona, beringi inashika kutu, na dawa ni kubadilisha beringi pamoja na sili zake.

Yoti inayokaa kwenye boya mbali na bomba la maji, mimi ningeelekea Profurl. Yoti ambayo mwenyewe anaiosha kila wiki, Harken, maana unaona kila kitu na unarekebisha mwenyewe.

Furlex ina faida moja kubwa: kifurushi chake huja na waya mpya wa stei. Hilo usilichukulie kama nyongeza. Waya ukishaingia ndani ya foili huuoni tena. Kwa joto la pwani, chuma cha pua hakidumu kama kwenye bahari za baridi, hasa kichwa cha chini ambako maji ya chumvi yanatuama. Ukichagua rola nyingine, nunua waya mpya wa 1x19 (nyuzi 19 zilizosokotwa pamoja) siku hiyo hiyo. Kichwa cha chini ningekifunga kwa aina ya kukazwa kwa spana, kama Sta-Lok, kwa sababu kinafunguliwa na kukaguliwa. Na stei iwe na kiungo kinachocheza pande zote mbili, juu na chini. Kikikosekana kimoja, waya unapindwa mahali pale pale kila tanga linapovuta, hadi unakatika.

Sindano_ya_Tanga

Nijibu upande wa tanga.

Jenoa inageuzika ikiwa kitambaa bado kigumu. Chukua pembe ya tanga, ikunje na kuiachia: kikilala kama shuka, usipoteze pesa. Kikiwa bado kinalia, kazi ni hizi. Kulabu zote zinatolewa. Ukingo wa mbele unashonewa utepe wenye uzi mnene ndani, unaopita kwenye mfereji wa foili. Utepe una saizi, nyingi ni milimita 5 au 6, kwa hiyo usishone kabla foili haijafika mkononi. Uwe na kipande cha utepe, ukipitishe mferejini chote kwa mkono. Kikikwama hata kidogo, tanga zima halitapanda.

Urefu nao utapungua. Ngoma inainua pembe ya joshi (ya mbele chini) kutoka sitahani, na swiveli inakula nafasi juu. Kwa stei yako tarajia ukingo wa mbele usiozidi mita 12 na kidogo. Pima kwenye michoro ya rola husika.

Kisha jua. Tanga lililokunjwa linakaa nje mwaka mzima, kwa hiyo ukingo wa nyuma na wa chini lazima uvikwe kitambaa cha akriliki, mfano Sunbrella, upana wa sentimita 50 hivi. Mwambie fundi unakunja kuelekea upande gani, kwani kitambaa kikishonwa upande usiofaa kinaingia ndani na tanga lenyewe linabaki juani. Hapa kwetu karibu na ikweta uzi ndio hufa kwanza, kitambaa kikiwa bado kizima. Uzi wa polyester ukiukwaruza kwa ukucha na ukakatika, ushonwe upya mara moja. Uzi wa PTFE ni ghali ila jua haliuli. Mafundi wetu wa Lamu wanaoshona mardufu ya majahazi wana mkono mzuri sana, ila kazi hii inataka cherehani ya zigizagi yenye nguvu ya kupenya tabaka nne.

Kukunja nusu: ndiyo, lakini si bila mpaka. Ukishapunguza kama asilimia 30 ya eneo, katikati ya tanga panafanya tumbo na yoti inalala ubavu badala ya kwenda joshi (kuukabili upepo). Ukanda wa sponji ulioshonwa nyuma ya ukingo wa mbele unasaidia, kwa sababu unajaza pale katikati na kulivuta lile tumbo. Mwombe fundi aweke alama mbili kwenye ukingo wa chini, uone umekunja kiasi gani ukiwa nyuma.

Hilo jibu dogo usiliuze na kulabu zake usizitoe. Weka stei ya pili ya ndani, ya kufunga na kufungua, ya waya au ya kamba imara ya Dyneema, ukiwa na sehemu imara ya kuishikia chini ya sitaha. Kusi ikivuma sawasawa unakunja jenoa lote na kutweka jibu hapo. Majahazi hubeba tanga kubwa na dogo kwa sababu hiyo hiyo: tanga dogo lililokatwa vizuri halina mfano.

Joshi_na_Demani

Nyongeza kuhusu kamba ya kukunjia, kwani wengi wanailaumu rola kumbe kosa ni la kamba.

Hesabu kwanza. Jenoa yenye ukingo wa chini wa mita 6, ikijikunja kwa wastani wa sentimita 25 kila mzunguko, inataka mizunguko 24. Ongeza 3 ili demani (kamba za kuvutia tanga kwa nyuma) nazo zizunguke tanga likishafungwa, na 3 nyingine za akiba, kwani upepo mkali hulikunja tanga kwa kubana zaidi na kula mizunguko mingi. Jumla 30. Ngoma inakula kama sentimita 30 kwa mzunguko, hivyo mita 9 ziko kwenye ngoma, mita 8 zinarudi nyuma, mita 2 za mkononi. Nunua mita 20 za milimita 8. Ngoma ikijaa kupita kiasi, toa ule uzi wa ndani wa kamba kwenye kipande kinachokaa ngomani tu. Kinalala bapa, na mkononi bado unashika kamba nene.

Kamba iingie ngomani kwa pembe mraba, kapi la kwanza likiwa kwenye kimo sawa na katikati ya ngoma. Ikiingia kwa kupanda au kushuka, inajirundika upande mmoja na kukwama.

Kufungua: usiiachie kamba huru. Mkono mmoja unavuta demani, mwingine unaishikilia kamba kidogo iteleze kwa kubanwa. Ukiiachia, ngoma inazunguka haraka kuliko kamba inavyojipanga, mizingo inajifunga juu ya mwenzake, na siku ya upepo ndipo tanga linapokataa kukunjika.

Kukunja: legeza demani tanga lipige, au shuka na upepo jenoa ijifiche nyuma ya tanga kuu. Mkono peke yake utoshe. Mkono ukishindwa, simama uangalie juu kwanza. Mara nyingi ni henza ya ziada imeshikwa na swiveli. Hizo zifungwe kwenye mlingoti, zisiachwe zikining'inia omo. Na ukipunguza tanga, sogeza kapi la demani mbele.

Gofia34

Shukrani sana. Nimepanda leo na kupima. Henza inaachana na stei kwa sentimita 7 tu ukishuka mita moja. Ukingo wa mbele wa jenoa baada ya kugeuzwa utakuwa mita 11.80, na kitambaa bado kinalia vizuri.

Fundi_Mlingoti

Sentimita 7 kwa mita ni nyuzi 4. Haitoshi. Una njia mbili: Profurl na kifaa chake, au Harken/Furlex pamoja na kishikio cha henza kinachofungwa mbele ya mlingoti, chini ya roda, kuirudisha henza karibu na mlingoti. Kishikio kiwekwe pale kinapofikisha nyuzi 8 hadi 10 basi. Ukikishusha zaidi, henza inasuguana na kutweka kunakuwa kuzito.

Mita 11.80 ni fupi kwa hiyo foili. Ukiacha hivyo, swiveli itakaa chini sana na henza itakuwa na nafasi ndefu ya kujisokota. Ongeza kipande cha waya au Dyneema kati ya pembe ya juu ya tanga na swiveli, urefu wa kuifikisha swiveli karibu na mwisho wa foili bila kuupita. Kikishonewe kwenye tanga moja kwa moja, kisipotee.

Kufunga rola mlingoti ukiwa wima kunawezekana. Iwe asubuhi kabla upepo haujaamka, yoti iwe imefungwa kwenye gati au boya lililotulia. Legeza stei ya nyuma. Chukua henza mbili, zifunge kwenye bamba la omo (si kwenye reli), zikaze kwa winchi hadi stei ya mbele ilegee, ndipo utoe pini. Waya mpya ukatwe kwa kipimo cha ule wa zamani ukiwa umekazwa, ukitoa urefu wa viungo vya rola. Foili iunganishwe chini, kwenye sehemu iliyonyooka, na watu watatu waibebe ikipandishwa isipinde.

Skrubu za viungo vya foili zipakwe gundi ya bluu ya kushika skrubu. Skrubu za chuma cha pua zinazoingia kwenye alumini sehemu nyingine zipakwe Tef-Gel au Duralac, la sivyo chumvi itazishikamanisha na hutazifungua tena. Baada ya safari mbili za kwanza, pita na bisibisi skrubu zote za chini, kisha kaza henza kiasi cha kuondoa mikunjo ya ukingo wa mbele tu. Henza iliyokazwa kupita kiasi inaielemea swiveli na kufanya kukunja kuwe kuzito.

Ukiiacha yoti zaidi ya wiki tatu wakati wa kusi, shusha jenoa kabisa.