Tuliozeekea ughaibuni, tupeane uzoefu: pensheni, vibali na kuthibitisha kwamba bado uko hai

Mzee wa Leicester (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila siku vijana wanaulizana namna ya kutoka Bongo. Leo naomba tuongee sisi tuliotoka zamani, mvi zimetuotea huku, na kinachotunyima usingizi ni makaratasi.

Naanza na langu. Mwaka 1964 baba alinipeleka kuandikishwa darasa la kwanza nikiwa na miaka tisa. Mwalimu akasema umri umepita. Tukarudi nyumbani, wiki iliyofuata nikapelekwa shule nyingine nikiwa na miaka saba. Hivyo ndivyo nilivyozaliwa 1957. Umri huo ukaingia kwenye cheti, ukaingia kwenye pasipoti, ukapanda ndege pamoja nami.

Sasa Uingereza kwa rika letu pensheni ya serikali inaanza ukifikisha miaka 66. Kwa hesabu ya mama aliyenizaa ningeanza kulipwa 2021. Kwa hesabu ya mwalimu nimeanza 2023. Miaka miwili niliyopunguziwa nimeilipa kwa zamu za usiku ghalani, goti bovu. Nilijaribu kurekebisha, nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa. Kwetu Rombo enzi hizo aliyekuwa anaandika watoto ni padri tu.

Mengine niliyoyajua kwa kuchelewa: ukiwa na michango ya chini ya miaka 10 hupati hata senti, na ili upate kamili wanataka 35. Leseni ya udereva inakwisha ukifika 70, halafu unaihuisha kila miaka mitatu. Na hili ndilo linaloniuma: ukihamia Tanzania au Kenya, pensheni inaganda pale ilipokuwa siku uliyoondoka. Aliyehamia Mauritius anaongezewa kila mwaka. Wa Rombo haongezewi. Anayejua sababu anieleze, maana michango tulikatwa sawasawa.

Karibuni, kila mtu na la kwake.

Binti wa Kericho

Hamjambo wadau. Mimi niko Minnesota lakini kisa ni cha mamangu. Alikuja 2001, akapata kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, mwaka uliofuata, na miaka yote hiyo alikataa uraia kwa sababu ya mtihani wa Kiingereza. Hakuna aliyetuambia mapema kuwa mtu akitimiza miaka 65 na ameishi na kadi miaka 20, anasamehewa Kiingereza. Anasoma maswali 20 tu, anaulizwa kumi kwa lugha yake kupitia mkalimani, akipata sita amepita. Mama aliyapata yote sita ya kwanza, hata hawakufika la saba.

Shida ikawa vidole. Mama alichuma majani chai zaidi ya miaka thelathini. Mashine ikikataa alama mara ya kwanza, unaitwa tena. Ikikataa mara ya pili, unatafuta barua ya polisi kutoka kila mahali ulipoishi miaka mitano iliyopita. Basi nikamshika mkono nyanya wa miaka 73, kitambaa kichwani, hadi kituo cha polisi kuuliza kama ana rekodi ya uhalifu. Afisa alimtazama, akanitazama, akauliza kama nina uhakika ndiye yeye. Mama mpaka leo anatusimulia hilo wakati wa Krismasi.

La maana kwa wenye kadi: msikae Kenya zaidi ya mwaka mkidhani kadi inawangoja. Kuna kibali cha kurudi cha hadi miaka miwili, na lazima ukiombe ukiwa bado Marekani. Na Medicare, ile bima ya afya ya wazee ya Marekani, hailipi hospitali ya Nakuru. Hilo shangazi alilijua akiwa kitandani, ikabidi tufanye harambee ya WhatsApp.

Fundi Kanzu, Maskat

Assalaam alaykum. Mie niko Maskat tokea 1996, kazi yangu kushona. Huku kwetu hadithi ni nyengine kabisa. Mgeni hana pensheni ya serikali, ana kiinua mgongo chake cha mkupuo, basi. Na miaka ile ukitimia sitini bitaka, yaani kadi ya ukaazi, haihuishwi tena. Mie nilitimia 2021. Arbabu wangu, yaani tajiri aliyeniajiri, mtu mwema, alisikitika, lakini akanambia Juma lijalo funga mizigo. Nikarudi Unguja na cherehani mbili. Januari 2022 wakaiondoa ile sharti ya sitini, naye akanipigia simu: rudi. Nimerudi, na kila nikihuisha napimwa kifua upya kama mtoto wa skuli.

Linalonichekesha ni kuwa mimi na binamu yangu babu yetu mmoja, aliondoka Sur ya huku Oman kwa jahazi. Binamu ana pasi ya Oman, amestaafu, anakunywa kahawa Mutrah asubuhi na jioni. Mie mjukuu wa babu huyohuyo ni mgeni mwenye kadi. Tukikaa barazani hakuna anayetutofautisha.

Mama Ottawa

Fupi tu. Canada pensheni ya uzee mtu anaipata hukuhuku akiwa na miaka 10 ya ukaazi. Ukitaka ikufuate nje, iwe 20. Mimi nina 17 na nyumba yangu Bukoba imekwisha, hadi mapazia. Kwa hiyo nangoja miaka mitatu, theluji na mimi.

Nimesharudi Tanga

Mleta uzi, hilo la kuganda ni kweli, nalipata kila mwezi. Ila kuna dogo lililonitesa kuliko hilo: cheti cha kuwa hai. Wanakutumia fomu kwa posta, isainiwe na shahidi anayekubalika, uirudishe. Isiporudi malipo yanasimama. Mimi sina sanduku la posta, nilitoa la shule anayofundisha mpwa wangu, naye sanduku analifungua akikumbuka. Fomu ikalala humo, hela zikakata. Nikaenda kwa wakili na nakala mpya. Namwambia mheshimiwa, nimekuja uthibitishe niko hai. Akasema hilo analiona, lakini lete kitambulisho.

Halafu benki yangu ya kule. Ukitaka kuingia kwenye akaunti wanatuma namba ya siri kwenye simu, na laini yangu ya kule ilishafungwa kwa kutoongezwa salio. Kubadilisha namba, wanataka wakutumie namba ya siri kwenye namba ileile iliyofungwa. Nilikaa miezi minne naziona hela zangu kwa macho ya imani. Wanaorudi: laini ya kule iwekeeni salio, hata pauni kumi, na mtengeneze hati ya uwakilishi kwa mtoto mnayemwamini kabla hamjapanda ndege. Mkuu wa Leicester, usisubiri mpaka goti likatae.

Mpwa wa Birmingham

Naongezea la shangazi yangu, miaka 71. Ukaazi wake ni muhuri wa miaka ya tisini kwenye pasipoti ya Tanzania iliyokwisha zamani. Sasa hivi ukaazi umehamia mtandaoni, zile kadi za ukaazi ziliisha muda mwisho wa 2024. Yeye hana barua pepe. Akaunti tumeifungua kwa barua pepe yangu na simu yangu, kwa hiyo nikigombana naye uhalali wake uko mfukoni mwangu. Ananiita "balozi" siku hizi, na pilau haikosekani.

Mtoro wa Boksi

Nyie mnalia na pensheni. Mimi nilichukua uraia wa huku kwa ajili ya kazi, na nchi yetu haitaki uraia pacha. Majirani Wakenya katiba yao ya 2010 imewaruhusu. Mimi Desemba iliyopita nimelipa dola 50 za viza kwenda kumzika mama yangu mzazi. Kijana wa uhamiaji, mpole kabisa, akaniuliza kwa Kiingereza: madhumuni ya safari? Nikamjibu kwa Kisukuma.

Binti wa Kericho

@Mtoro wa Boksi pole sana kaka.

Mzee wa Leicester (mleta uzi)

Pole sana ndugu yangu. Hilo sina jibu lake.

@Nimesharudi Tanga, la laini nalifanyia kazi leo. Binti yangu anafuatilia hati ya uwakilishi, ingawa majina yetu ya mwisho hayafanani. Yeye ameandikwa jina langu, mimi nimeandikwa la babu, na kila ofisi tukienda tunaeleza ukoo mzima.

Kuhusu umri: dada aliulizia parokiani, wakalipata daftari la ubatizo. Amenitumia picha jana usiku. Limeandika 1954. Nimemwambia alirudishe kabatini walikolitoa.