Mirabaha ya jukwaani: orodha ya nyimbo ajaze nani?

Mpiga besi, Shangani: Korosho zikishalipwa, Masasi, Newala na Tandahimba hakulaliki, shoo juu ya shoo. Naona orodha ya nyimbo zilizopigwa ajaze promota, maana kibali anakata yeye na kiingilio anashika yeye. Hela ya leseni ya kupiga muziki hadharani ikilipwa bila orodha, haina pa kwenda. Ujira wa bendi tuuweke kando. Mrabaha, yaani malipo ya wimbo kutumika yanayotoka kwenye hiyo leseni, ni wa mtunzi, hata kama usiku huo kalala kwake Lindi.

Promota, Masasi: Napinga. Leseni nalipa, lakini wimbo wa saba nitaujuaje jina? Mashabiki wanauita kwa kiitikio, mtunzi kausajili kwa jina jingine. Majina yasipooana, hela inakosa mwenyewe. Marekani, taasisi za kukusanya mirabaha kama ASCAP na BMI zinapokea orodha kutoka kwa mtunzi mwenyewe.

Dada wa Mikindani: Kweli, kaka, ila kuna shimo hapo. Aliyepanda na nyimbo mbili ataandika kumi na mbili. Bendi ijaze, promota asaini. Karatasi moja tu: ukumbi, tarehe, bendi, jina la wimbo kama lilivyosajiliwa, mtunzi wa muziki, mtunzi wa mashairi, dakika. Mkiunganisha nyimbo nne, kila kipande kiandikwe peke yake. Pigeni picha kwa simu kabla jenereta halijazimwa.

Mpiga besi, Shangani: Orodha bila usajili ni karatasi ya kufungia karanga. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni mlango mmoja. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, ukusanyaji wa mirabaha umefunguliwa kwa taasisi nyingine zenye leseni, na huko nako ujiunge. Kinachokwamisha wengi ni asilimia za kugawana wimbo: mwimbaji kajiandikia 60, mpiga solo 50, jumla 110. Andikianeni kabla ya kuingia studio, hata kwenye daftari la shule.

Kijana, Nachingwea: Wakubwa, bendi zetu nusu ya usiku ni zilipendwa. Watunzi wameshakufa, analipwa nani?

Dada wa Mikindani: Mdogo wangu, Sheria Na. 7 ya 1999 inalinda tungo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, kwa hiyo hadi 2029 zake zina wenyewe: warithi, au aliyeuziwa haki. Bendi ikipiga zilipendwa mpaka asubuhi haipati mrabaha hata senti. Ujira tu.

Kijana, Nachingwea: Na ngoma ya asili kama sindimba?

Promota, Masasi: Sindimba haina mtunzi mmoja. Ukijiandika wewe, umewaibia Wamakonde. Chako ni mashairi uliyoongeza na jinsi ulivyoipanga kwa magitaa.

Mpiga besi, Shangani: Saini nakubali. Promota akigoma kusaini je?

Promota, Masasi: Iwekwe kwenye mkataba: malipo ya mwisho na saini vitoke pamoja.

Mpiga besi, Shangani: Mkuu, mkataba wenyewe si mnaandika nyie?