Thripsi weusi wa maua ya kunde, Nachingwea na Masasi: niandike jina lipi?

Kunde_Nachingwea: Habari wadau. Naandaa orodha na ramani ya wadudu wa kunde na mbaazi, Nachingwea na Masasi. Ndani ya maua kuna thripsi weusi wanaong'aa, urefu milimita moja na kitu. Kitabu cha zamani kinasema Taeniothrips sjostedti, kipya Megalurothrips sjostedti. Ni wawili au mmoja? Ni wageni? Na wale wa mikorosho wenye mkanda mwekundu niwaweke pamoja nao?

Hadubini: Ni mmoja, mkuu. Andika Megalurothrips sjostedti (Trybom, 1908). Mabano usiyafute: yanaonyesha kwamba Trybom, aliyempa jina kwanza, alimweka jenasi nyingine (yaani neno la kwanza la jina lilikuwa tofauti), akahamishwa baadaye. Si mgeni hata kidogo. Vielelezo (wadudu waliohifadhiwa) vya kwanza vilitoka Kilimanjaro, kwenye msafara wa Msweden Yngve Sjöstedt wa 1905–1906, ndipo jina lilipotoka. Kwao ni Afrika kusini mwa Sahara. Ripoti za Asia kuhusu thripsi wa mikunde mara nyingi zinamhusu ndugu yake, Megalurothrips usitatus, usizitie kwenye ramani yako.

Bibi_Shamba: Rangi peke yake haitoshi kumtaja. Frankliniella, thripsi wa jenasi nyingine, nao hujaa kwenye maua hayohayo. Tazama chini ya hadubini sehemu ya kifua iliyo nyuma tu ya kichwa: Frankliniella ana nywele ndefu pembe za mbele na za nyuma, huyu anazo za nyuma tu. Bawa lake la mbele ni la kahawia, lenye eneo jeupe karibu na shina. Chukua wakubwa, watoto wa njano ni vigumu mno kuwataja kwa jina.

Na usimweke kwenye ramani kwa kuona vitumba vimedondoka. Ukame pia hudondosha vitumba. Pasipo kielelezo, hapana alama.

Hadubini: Naunga mkono. Kung'utia maua 20 kwenye sahani nyeupe, wachukue kwa brashi laini iliyoloweshwa, watie kwenye spiriti ya 60%. Lebo ya penseli iingie ndani ya chupa: kijiji, vipimo vya GPS, mmea, tarehe, mkusanyaji. Kunde zikiisha, kagua maua ya utupa na mikunde mingine ya porini, maana huhamia huko.

Mkorosho_Newala: Wa mikorosho tenganisha kabisa. Huyo ni Selenothrips rubrocinctus (Giard, 1901), aliyeelezwa kwanza kutoka Guadeloupe, kwenye kakao; leo yuko nchi nyingi za joto duniani. Mkanda mwekundu ni wa watoto, nao hubeba tone la kinyesi ncha ya mkia. Watafute chini ya majani yenye madoa ya kutu.

Kunde_Nachingwea: Asanteni sana. Spiriti niliyonayo ni ya 96%.

Hadubini: Kali mno, wanakakamaa na vipapasio vya kichwani vinakatika ukiwapanga kwenye kioo cha hadubini. Kila mililita 100 ongeza maji 60.